Disketi 38 na SNARE 1: Kisa cha Kuhamisha Mafaili ya Sampla ya Akai S1000

Mwenye mashine alinikabidhi vitu viwili: sampla aina ya Akai S1000, yaani ala ya muziki inayorekodi sauti na kuzipiga kupitia vibonye vya kinanda, na sanduku la plastiki lenye disketi 38 za inchi 3.5, kila moja ikiwa na namba iliyoandikwa kwa wino kwenye lebo yake. Alichokitaka kilikuwa wazi. Sauti zote zilizomo ndani ya disketi zihamishiwe kwenye kifaa kidogo kinachojifanya diski ngumu ya SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski na mashine) na kuhifadhi data yake kwenye kadi ya SD, ili asilazimike tena kuchomoa disketi moja na kuingiza nyingine katikati ya onyesho. Nilikadiria kuwa ni kazi ya jioni mbili. Ilichukua wiki tatu, na sehemu kubwa ya muda huo niliitumia kurekebisha jambo nililolikosea mwenyewe ndani ya saa ya kwanza.

Kosa hilo halikuwa la umeme wala la kebo, ingawa huko ndiko nilikoanza kulitafuta. Nililetewa sampla nikaitendea kama kompyuta: nilidhani faili ni kitu kinachojitegemea, kwamba ukilitoa hapa na kuliweka pale limekwisha nakiliwa, na kwamba jina lake ni kibandiko tu cha kumsaidia mtu kulitambua. Katika S1000 jina ndilo kiungo pekee kati ya programu na sauti zake, na yeyote anayehamisha mafaili bila kulizingatia hilo atapata diski iliyojaa mafaili mazima yasiyocheza muziki uliokuwamo.

Inafaa kwanza kueleza namna mashine yenyewe inavyohifadhi kazi. S1000 ilitoka mwaka 1988. Inarekodi sauti kwa biti 16, kwa kasi ya vipimo 44,100 kila sekunde au nusu yake, na inaweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja. Ilitoka kiwandani ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 2. Hii niliyoletewa ilikuwa imeongezewa hadi megabaiti 8 na kufungwa kadi ya SCSI. Kumbukumbu hiyo hufutika mara tu umeme unapozimwa, kwa hiyo kila kitu chenye thamani lazima kiwe kimehifadhiwa kwenye disketi au kwenye diski ngumu. Disketi yenye ujazo mkubwa hubeba kilobaiti 1,600. Sekunde moja ya sauti ya upande mmoja hula baiti 88,200, hivyo disketi nzima haifikishi sekunde 19 za sauti hiyo, na ikiwa sauti ni ya pande mbili, kushoto na kulia, inaishia kwenye sekunde 9 na kitu. Ndiyo maana sanduku lilikuwa na disketi 38.

Ndani ya disketi kuna mafaili ya aina kuu mbili. Sampuli ni sauti yenyewe, pamoja na kichwa cha baiti 150 chenye jina, urefu, kasi ya kurekodi na mipaka ya kurudiarudia. Programu haina sauti hata kidogo. Ni maelekezo ya namna kinanda kitakavyogawanywa. Kila programu ina kichwa chake cha baiti 150 na baada yake makundi ya vibonye, kila kundi likiwa na baiti 150 nyingine, na kila kundi linaweza kuita sampuli hadi nne kulingana na nguvu ya kidole. Linaziitaje? Kwa jina la herufi 12. Hakuna anwani ya mahali sampuli ilipo, hakuna namba ya siri, hakuna alama ya disketi ilikotoka. Kundi la vibonye linasema tu, "nataka SNARE 1", na mashine inatafuta kwenye kumbukumbu kitu chenye jina hilo. Ikikipata inakicheza, isipokipata, kibonye hakitoi sauti.

Njia niliyoifuata jioni ya kwanza ilikuwa ya kawaida kwa mashine hii: kupakia mafaili ya disketi kwenye kumbukumbu, kisha kuyahifadhi upya kwenye diski ngumu. Kwa kuwa disketi tano hazizidi kilobaiti 8,000 na kumbukumbu ilikuwa na nafasi ya zaidi kidogo ya hapo, nilijiona mjanja. Badala ya kufuta kumbukumbu kila baada ya disketi, nilichagua kupakia kwa kuongeza, nikaingiza disketi ya 7, ya 8, ya 9, ya 10 na ya 11 mfululizo, zote zikiwa za ngoma, kisha nikahifadhi rundo lote kwa mkupuo mmoja kwenye volyumu, yaani folda ya Akai, niliyoiita NGOMA ZOTE. Skrini haikulalamika. Nilifanya vivyo hivyo kwa mafungu mengine matatu, nikalala nikiwa na disketi 20 ambazo niliamini zimekwisha hamishwa.

Kabla ya yote hayo nilikuwa nimefanya jambo moja la busara, na ndilo lililookoa kazi: nilisogeza kigingi cha kila disketi ili tundu la kuzuia kuandika libaki wazi. Mashine ingeweza kusoma disketi hizo lakini isingeweza kuandika kitu juu yake.

Siku mbili baadaye mwenye mashine alijaribu volyumu ya ngoma na kunipigia simu. "Ndugu yangu, ngoma hizi ni zangu, lakini si za wimbo huu," alisema. Nilipokwenda kusikiliza, nilikuta malalamiko yake ni mawili, na ilinibidi nijifunze kuyatenganisha. La kwanza, programu ya KIT A, iliyotoka kwenye disketi ya 7, ilipiga sauti ya snea (ngoma ndogo yenye mlio mkali, "snare") ambayo haikuwa yake. Ilikuwa ndefu zaidi na yenye mwangwi. La pili, alipobonyeza kibonye kimoja zilisikika ngoma tatu kwa pamoja, na alipopiga haraka, sauti za mwanzo zilikatika kabla ya kwisha.

Nilimtuhumu mtu asiye na hatia. Kwa jioni mbili nilibadilisha kebo ya SCSI, nikahakikisha kifungio cha mwisho wa mnyororo kimewashwa upande mmoja na mwingine, nikabadilisha namba za utambulisho ili zisigongane, nikajaribu kadi nyingine ya SD. Hakuna kilichobadilika. Ningalitulia kidogo ningaliona kwamba dalili yenyewe ilikuwa inakataa maelezo hayo. Data iliyoharibiwa na kebo mbovu huja kama mkwaruzo, kama mlio wa kupasuka, au kama ujumbe wa makosa kwenye skrini. Haiji ikiwa snea nyingine nzima, safi, yenye mwanzo na mwisho wake. Sauti ile haikuharibika. Ilibadilishwa na nyingine, na kebo haina uwezo wa kuchagua snea.

Kilichonifungua macho ni kuhesabu. Nilirudi kwenye disketi tano za fungu la kwanza, nikafungua orodha ya kila moja kwenye skrini na kuandika idadi ya mafaili kwenye karatasi. Jumla ilikuwa 118. Kwenye volyumu ya NGOMA ZOTE nilihesabu 97. Mafaili 21 hayakuwapo, na mashine haikuwahi kutoa hata onyo moja, kwa sababu kwa upande wake hakuna kilichopotea: kila faili lililopakiwa likiwa na jina ambalo tayari limo kwenye kumbukumbu lilichukua nafasi ya lile la awali, kama mtu alivyoagiza.

Nilipoyafuatilia yale 21, kumi yalikuwa takataka. S1000 ikiwashwa huanza na programu yake ya majaribio, TEST PROGRAM, na sampuli nne fupi za mawimbi ya kielektroniki, na mtu anayehifadhi kumbukumbu nzima bila kuchagua huzihifadhi hizo pia. Disketi tatu kati ya tano zilikuwa na seti hiyo kamili, kwa hiyo mafaili 15 yakawa 5 na hakuna aliyepata hasara. Yale 11 yaliyobaki ndiyo yaliyouma. SNARE 1 ilikuwamo katika disketi zote tano, KICK 1 katika nne, HIHAT katika tatu, na programu iliyoitwa KIT tu, bila herufi wala namba, katika tatu. Kila jina lilibaki moja, nalo lilikuwa la disketi iliyopakiwa mwisho.

Uthibitisho nilioutaka niliupata kwenye ukubwa. SNARE 1 ya disketi ya 7 ilikuwa na vipimo 15,876, yaani sekunde 0.36, kwa baiti mbili kila kipimo, pamoja na kichwa, faili zima ni baiti 31,902. SNARE 1 iliyokuwa kwenye diski ngumu ilikuwa na vipimo 24,255, yaani sekunde 0.55, na faili la baiti 48,660. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye disketi ya 11. KIT A haikuwa na namna ya kujua. Iliomba SNARE 1, ikapewa SNARE 1.

Lalamiko la pili lilikuwa na chanzo kingine, ingawa lilizaliwa na haraka ileile. Katika S1000 kila programu ina namba, na programu zote zenye namba iliyochaguliwa hucheza kwa pamoja. Huo si ubovu; ni njia iliyokusudiwa ya kupanga sauti juu ya sauti, kwa mfano kinanda kikiwa na nyuzi nyuma yake. Lakini mwenye mashine, kama watu wengi, alikuwa akitengeneza programu moja kwa kila disketi na kuiacha na namba 1. Zilipokuwa kwenye disketi tofauti namba hiyo haikumsumbua mtu. Nilipozimwaga zote kwenye kumbukumbu moja, zikawa kwaya. Kila kibonye kiliamsha ngoma tatu, na kwa kuwa mashine ina sauti 16 tu, mapigo matano ya haraka yalitosha kuzimaliza karibu zote, ndipo zile za mwanzo zikaanza kukatwa ili kuzipisha mpya. Kukatika kule ndiko kulikonifanya kwa muda mrefu nifikirie kwamba kadi ya SD ni nzito kusoma, dhana ambayo haikuwa na mashiko, maana S1000 hucheza kutoka kwenye kumbukumbu na si kutoka kwenye diski.

Baada ya kuelewa hayo nilifuta volyumu zote nne na kuanza upya, safari hii kwa kuanzia kwenye disketi zenyewe. Nilitaka kila disketi iwe na taswira kamili, yaani nakala ya disketi nzima katika faili moja, kwenye kompyuta kabla sijaigusa tena, kwa sababu disketi za umri huu zina idadi fulani ya safari zilizobaki na hakuna ajuaye ni ngapi.

Hapa wengi hukwama, kwa kuwa wanachukua kisomeo cha disketi cha USB, wanaingiza disketi ya S1000, na kompyuta inawaambia disketi haijaumbizwa. Wengine hukubali kuiumbiza, na hapo sauti ndipo zinapokufa. Disketi ni nzima. Mpangilio wake ndio tofauti. Disketi ya kompyuta ya kilobaiti 1,440 ina sekta (vipande vya data) 18 za baiti 512 katika kila treki (duara la kurekodia) ya kila upande, jumla baiti 9,216. Ya Akai ina sekta 10 za baiti 1,024, jumla baiti 10,240 katika duara lilelile, kwa sababu sekta chache zilizo kubwa hupoteza nafasi ndogo zaidi kwenye mapengo ya kutenganisha. Visomeo vya USB vimefungwa kwenye mpangilio wa kompyuta na haviwezi kushawishiwa. Nilitumia kisomeo cha zamani kilichotolewa kwenye kompyuta ya mezani, nikakiunganisha na bodi ya Greaseweazle, ambayo haijali mpangilio: inasoma mabadiliko ya sumaku yenyewe kama yalivyo, na programu yake ina maelezo tayari ya disketi za Akai za kilobaiti 800 na 1,600.

Kwa disketi moja, treki 80 kwa pande mbili, kichwa kinapaswa kusimama kwenye maduara 160, na disketi huzunguka mara tano kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo haiwezekani kumaliza chini ya sekunde 32, na mimi niliagiza kila duara lisomwe mara kadhaa. Hii ni sehemu ya kazi isiyotaka haraka. Unakaa, unasikiliza mlio wa kichwa kikihama hatua kwa hatua, na sikio linazoea. Mlio ukibadilika unajua kabla ya skrini kukuambia.

Ndivyo nilivyoipoteza disketi ya 23. Disketi ya 22 ilikuwa na madoa meupe ya kuvu ambayo niliyaona kupitia kidirisha cha chuma lakini nikayadharau. Ilisomeka. Nilipoingiza ya 23 nilisikia mlio mwembamba, kama ukucha kwenye karatasi ngumu, na nilipoitoa na kusogeza kidirisha nikaona duara jembamba linalong'aa ukingoni mwa nje: kuvu lililobaki kwenye kichwa cha kusomea lilikuwa limekwangua utando wa sumaku. Tangu hapo nilisafisha kichwa kwa pamba na spiriti ya isopropili baada ya kila disketi, hata ile iliyoonekana safi, na zile zenye kuvu nilizifungua kifuniko na kuzifuta kwanza. Ushauri huu kila mtu anaujua. Mimi pia niliujua.

Ukingo wa nje ndiyo treki ya kwanza, na kwenye disketi ya S1000 mwanzoni ndipo kunapokaa orodha ya mafaili, yenye nafasi 64, pamoja na ramani inayoonyesha kila faili linaendelea kwenye kipande gani. Disketi ya 23 ilikuwa na sauti zote na haikuwa na orodha. Ilinisaidia kwamba kila sampuli hubeba jina na urefu wake ndani ya kichwa chake yenyewe, na kwamba disketi ile, kwa kadiri nilivyoona, iliandikwa mara moja bila kufutwafutwa, hivyo kila faili lilikuwa limelala mfululizo bila kurukaruka. Nilipitia taswira kipande kwa kipande nikitafuta vichwa, nikapima urefu uliotajwa, nikakata. Sampuli 9 kati ya 11 zilirudi, na programu yake ikarudi pia.

Katika kutafuta huko nilikutana na jambo linalowachanganya wanaofungua taswira hizi kwa mara ya kwanza. Ukiitafuta SNARE kama maandishi ya kawaida ya kompyuta, huipati popote, hata kwenye disketi ambayo unajua imo. S1000 haitumii msimbo wa kawaida wa herufi. Tarakimu 0 hadi 9 zina thamani 0 hadi 9, nafasi tupu ni 10, herufi A hadi Z ni 11 hadi 36, na mwishoni zinafuata alama nne tu. Hivyo SNARE 1 imeandikwa 29, 24, 11, 28, 15, 10, 1, kisha nafasi tupu hadi kutimia 12. Hakuna herufi ndogo, hakuna mstari wa chini, hakuna mkwaju. Anayependa majina marefu yenye tarehe ndani yake atapata shida sana hapa.

Disketi nyingine mbili zilikuwa na sekta zisizosomeka. Ya 15 ilikubali baada ya kichwa kusafishwa na kurudiwa mara nyingi. Disketi ya 34 ilibaki na sekta moja iliyokufa, yaani baiti 1,024, ambazo ni vipimo 512, ambavyo kwa kasi ya 44,100 ni chini kidogo ya milisekunde 12. Ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho, lakini sikio linausikia kama mpasuko. Kwa bahati ulikuwa kwenye mkia wa sauti ya matoazi, pale inapofifia. Tulikubaliana na mwenyewe niifupishe sampuli hadi kabla ya kidonda hicho na kuipa mfifio mpya.

Taswira zilipokuwa tayari, niliorodhesha yaliyomo kwa programu ya akaiutil, inayosoma mfumo wa mafaili wa Akai, na nikatengeneza jedwali la safu nne: namba ya disketi, jina la faili, aina yake, na ukubwa kwa baiti. Jedwali hili ndilo lililopaswa kuwapo siku ya kwanza. Kulipanga kwa jina kulionyesha papo hapo kwamba SNARE 1 imo katika disketi 14, zikiwa na ukubwa 12 tofauti.

Kuandika kwenye diski ngumu niliiachia mashine yenyewe, ingawa ningeweza kutumia kompyuta. Sababu yangu ni kwamba mashine ndiyo itakayosoma, na nilitaka kusikiliza kila seti ikipita. Ili nisizichoshe disketi halisi, nilifunga kifaa cha Gotek, kinachojifanya kisomeo cha disketi, chenye programu ya FlashFloppy mahali pa kisomeo halisi, nikaziweka taswira kwenye fimbo ya USB. S1000 iliendelea kuamini kwamba inasoma disketi. Utaratibu ulikuwa ule ambao ningeufuata tangu mwanzo kama ningejua: kufuta kumbukumbu, kupakia disketi moja, kulinganisha idadi na jedwali, kucheza vibonye vyote, kuhifadhi kwenye volyumu yake pekee, kisha kufuta tena. Disketi moja, volyumu moja. Diski ngumu niliigawa patisheni (sehemu) nne za megabaiti 60, ambao ndio ukubwa wa juu wa patisheni, na kila patisheni inaruhusu volyumu 100, kwa hiyo nafasi haikuwa tatizo. Majina ya volyumu yalianza na namba ya disketi, D07 NGOMA, D31 KINANDA, ili lebo za wino zisipoteze maana.

Ugawaji huo una gharama moja ndogo. Disketi hugawa nafasi kwa kilobaiti moja moja, diski ngumu kwa kilobaiti nane nane. Programu yenye makundi 16 ya vibonye ina baiti 2,550. Kwenye disketi inachukua kilobaiti 3, kwenye diski ngumu inachukua 8. Kwa hiyo mtu asishtuke akiona jumla ya volyumu imezidi ukubwa wa disketi ilikotoka. Mimi nilishtuka, nikahesabu mara mbili.

Lakini mwenye mashine hakuwa ametaka makumbusho. Alitaka, kwa ajili ya onyesho, seti tano za ngoma zikae kwenye kumbukumbu kwa pamoja, yaani lile nililolifanya vibaya jioni ya kwanza alikuwa analihitaji kweli. Hapo hapakuwa na njia ya mkato. Kubadilisha jina la faili lililo kwenye diski hakubadilishi programu iliyo kando yake; programu itaendelea kuita jina la zamani na kunyamaza. Kwa hiyo kwa kila seti niliongezea kila jina kiambishi cha namba ya disketi, SNARE 1 ikawa 07 SNARE 1, kisha nikaingia kwenye programu, kundi la vibonye moja baada ya jingine, na kuchagua sampuli upya kwa gurudumu. Seti tano zenye makundi 16 ni makundi 80. Baada ya hapo nilizipa programu namba 1 hadi 5, nikahifadhi programu na sampuli pamoja kwenye volyumu mpya, na ndipo nikapakia seti zote juu ya kumbukumbu tupu.

Kwenye sauti za pande mbili kiambishi kilileta ubishi kidogo. Mashine huzihifadhi kama mafaili mawili yanayoishia kwa -L na -R, na alama hizo hukaa kwenye nafasi mbili za mwisho, hivyo jina lenyewe linabakiwa na herufi 10. KINANDA 4 -L tayari ilikuwa imejaza zote 12. Ikabidi iwe 31KINAND 4-L, jina ambalo mwenye mashine alisema linamkera kila anapoliona, lakini hakuweza kupata jingine linalotosha.

Kazi ya mwisho ilikuwa ukaguzi wa viungo. Nilitoa kwenye kila programu majina yote inayoyaita, nikayalinganisha na sampuli zilizomo kwenye volyumu hiyohiyo. Volyumu 35 zilikuwa kamili. Ya 31 iliita sampuli sita ambazo hazikuwamo. Zilikuwa kwenye disketi ya 32, kwa sababu kinanda kile kilikuwa kikubwa mno kwa disketi moja na aliyekihifadhi alikigawa mara mbili bila kuandika popote. Nilizipakia mbili hizo pamoja, baada ya kuhakikisha kwamba hazina majina yanayogongana, na kuzihifadhi kama volyumu moja. Ya 23 ilikosa zile sampuli mbili zilizokwanguliwa, ambazo mwenyewe aliamua kuzirekodi upya. Iliyobaki ilikuwa ya 18, ambayo programu yake inaita BAHARI 2 -L na BAHARI 2 -R. Ya kushoto imo. Ya kulia haimo kwenye disketi hiyo wala kwenye nyingine yoyote kati ya zile 38, na nilipomuuliza mwenye mashine alicheka, akasema ameipiga sauti hiyo kwa miaka mingi ikitokea upande mmoja na alikuwa akidhani ni spika. Aliniomba niiache hivyo.